Kwa nini programu za mabilioni hugeuka mzigo kwa makampuni

MAKAMPUNI makubwa duniani, na kwa sasa hata ya ukubwa wa kati katika miji ya Afrika Mashariki, yanakabiliwa na uamuzi mgumu. Ama yabadili mifumo ya kompyuta inayoendesha biashara zao, au yabaki na ya zamani ambayo watengenezaji wake wanakaribia kuacha kuihudumia.

Kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ambayo programu zake hutumiwa na viwanda, mabenki na wauzaji wa jumla katika mabara yote, ilitangaza Februari 2020 kwamba huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa kizazi kilichopita itakoma mwishoni mwa mwaka 2027. Anayetaka kuendelea kuhudumiwa baada ya hapo atalipa zaidi, na hata hiyo ni hadi mwaka 2030 tu.

Kwa msomaji wa kawaida, habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini mfumo wa aina hiyo ukigoma, lori hubaki getini bila hati ya kutokea, mshahara huchelewa, duka la dawa hukosa dawa, na muuzaji mdogo aliyepeleka mzigo kwa mkopo huzungushwa miezi mitatu akidai ankara yake. Historia ya miaka 30 iliyopita imejaa makampuni yaliyonunua mifumo hii kwa fedha nyingi, kisha yakajikuta yana mzigo ghalani lakini hayawezi kuuuza.

Daftari moja kwa wote

Mifumo inayozungumzwa hapa ni ile ya kupanga rasilimali za kampuni, inayofahamika kwa ufupi kama ERP, pamoja na ile ya kusimamia mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa tangu malighafi hadi kwa mnunuzi wa mwisho.

Kabla ya mifumo hiyo, kila idara ilikuwa na daftari lake. Mhasibu alikuwa na leja, mtunza ghala alikuwa na kadi za bidhaa, ofisa mauzo alikuwa na kitabu cha oda, na mnunuzi alikuwa na faili la wauzaji anaowafahamu. Mwisho wa mwezi walikutana kulinganisha hesabu, na mara nyingi walikesha.

Mfumo mpya huunganisha madaftari hayo yote kuwa moja. Oda ya mteja ikiingia, mali ghalani inapunguzwa papo hapo, ankara inaandaliwa, deni linaingizwa katika hesabu za mteja, na kama malighafi imepungua, agizo jipya linatayarishwa. Meneja aliyeko makao makuu anaweza kuona hali ya ghala lililoko mkoa mwingine bila kupiga simu.

Faida hiyo ndiyo pia inayozaa hatari. Zamani kosa la mtunza ghala lilibaki katika kadi yake hadi siku ya kuhesabu mali. Katika mfumo uliounganishwa, kosa lililoandikwa asubuhi hufika kwa mhasibu, kwa mnunuzi na kwa dereva kabla ya saa sita mchana, na kila mmoja hulichukua kuwa ni ukweli.

Peremende zilizokwama

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa Hershey, kampuni ya Marekani inayotengeneza chokoleti na peremende. Katika miaka ya mwisho ya 1990 kampuni hiyo ilitumia dola za Marekani milioni 112 kuweka mifumo mitatu kwa pamoja: wa kuendesha kampuni, wa kupanga ugavi na wa kuhudumia wateja.

Kazi hiyo ilikadiriwa kuhitaji miezi 48, lakini uongozi ulitaka ikamilike katika miezi 30, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa na hofu ya kompyuta za zamani kushindwa kusoma tarehe za mwaka 2000. Mfumo ukawashwa Julai 1999, wakati ambao maduka ya Marekani huanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween inayoadhimishwa mwishoni mwa Oktoba.

Matokeo yake, oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 hazikuweza kutimizwa kwa wakati, na faida ya robo ya tatu ya mwaka huo ilishuka kwa asilimia 19. Jambo la kushangaza ni kwamba peremende zilikuwapo. Wafanyakazi walikuwa wamezoea, wakati wa msimu, kuhifadhi mizigo popote palipo na nafasi. Mahali hapo hapakuwa pameingizwa katika kompyuta kama ghala. Kwa mfumo, mzigo uliokuwa hapo haukuwapo duniani.

Miaka michache kabla ya hapo, balaa kubwa zaidi lilikuwa limeikumba FoxMeyer, iliyokuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa dawa nchini Marekani. Mwaka 1993 kampuni hiyo iliingia katika mradi wa mfumo mpya wa SAP pamoja na mitambo ya kuendesha ghala lake. Ilielezwa kwamba kompyuta zake za zamani zilimudu oda zipatazo 420,000 kwa usiku mmoja, ilhali mfumo mpya uliweza oda 10,000 tu. Mwaka 1996 FoxMeyer iliomba kinga ya kufilisika, na biashara yake ikanunuliwa na mshindani wake, McKesson.

Msimamizi wa mufilisi aliwashitaki mtengenezaji wa programu na washauri waliosimamia mradi, akidai dola milioni 500 kutoka kwa kila mmoja. Washitakiwa walikana kuwa chanzo cha anguko hilo. Ni kweli kwamba FoxMeyer ilikuwa pia imeingia mikataba ya kuuza dawa kwa bei ya chini mno, ikitarajia kwamba akiba itakayoletwa na mfumo mpya ingefidia. Yaani ilitumia faida kabla haijapatikana.

Utabiri usio na mtabiri

Nike, kampuni maarufu ya viatu vya michezo, ilipata somo la aina nyingine. Katikati ya mwaka 2000 ilianza kutumia programu ya kutabiri mahitaji ya soko iliyonunuliwa kwa kampuni ya i2, ikiwa ni hatua ya kwanza ya mradi uliokadiriwa kugharimu dola milioni 400. Programu hiyo ilipaswa kusema, miezi mingi kabla, ni jozi ngapi za kila aina ya kiatu ziagizwe kutoka viwanda vya Asia.

Utabiri haukulingana na soko. Viwanda viliagizwa kutengeneza viatu vingi vya aina ambazo hazikutakiwa, huku Air Jordan zilizokuwa zikitafutwa na vijana zikiwa adimu madukani. Februari 2001 Nike ilitangaza kwamba imepoteza mauzo ya takriban dola milioni 100, na bei ya hisa zake ikaanguka kwa karibu asilimia 20.

Hata hivyo Nike haikutupa mradi. Iliondoa programu hiyo katika upangaji wa viatu wa muda mfupi, ikapunguza kasi ya hatua zilizofuata, na ikaweka sharti kwamba mfanyakazi wa huduma kwa wateja asiguse mfumo mpya kabla ya kumaliza zaidi ya saa 100 za mafunzo. Hershey nayo ilirejea kazini kwa utaratibu, na mwaka 2002 ilifanikiwa kuhamia toleo jipya la mfumo wake bila ghasia. Programu zilizoziangusha zilikuwa za ukoo uleule wa zile zilizoziinua. Kilichobadilika ni namna ya kuzipokea.

Inchi na sentimita

Kama mifano hiyo ingekuwa ya zamani tu, ingeweza kusemwa kwamba teknolojia ilikuwa changa. Lakini makosa yamejirudia katika miaka ya karibuni.

Kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilifungua maduka yake ya kwanza nchini Kanada mwaka 2013, na ndani ya muda mfupi ilikuwa na maduka 133. Badala ya kutumia mfumo iliouzoea nyumbani, iliweka mfumo mpya kwa ajili ya Kanada. Wafanyakazi, wengi wao vijana wasio na uzoefu, walipewa muda mfupi kuingiza taarifa za bidhaa zipatazo 75,000.

Taarifa ziliingizwa vibaya. Vipimo vilivyotakiwa kuwa vya sentimita viliandikwa kwa inchi, urefu ukaandikwa palipo na upana, na bei ikakosewa sarafu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba usahihi wa taarifa hizo ulikuwa karibu asilimia 30, wakati nchini Marekani kampuni hiyo ilizoea asilimia 98 au zaidi. Maghala yalifurika, rafu za maduka zikawa tupu. Januari 2015 Target ilitangaza kuondoka Kanada, na wafanyakazi wapatao 17,600 wakapoteza ajira. Mfumo haukuwa sababu pekee ya anguko hilo, kwani kampuni ilipanuka haraka mno, lakini rafu tupu ndizo zilizowakimbiza wateja.

Nchini Ujerumani, kampuni ya maduka ya Lidl ilianza mwaka 2011 mradi wa kuweka mfumo mpya wa SAP. Lidl ilizoea kukadiria thamani ya mali yake kwa bei iliyonunulia, ilhali mfumo huo kwa kawaida hutumia bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuacha utaratibu wake, ikaagiza programu irekebishwe. Marekebisho yakazaa marekebisho. Mwaka 2018 mradi ulisitishwa baada ya kutumia takriban euro milioni 500, na Lidl ikarudi kwenye mfumo wake wa zamani.

Balaa hilo halikuziacha taasisi za umma. Halmashauri ya Jiji la Birmingham nchini Uingereza, inayohudumia watu zaidi ya milioni moja, ilihama kutoka SAP kwenda Oracle Aprili 2022. Nayo ilikuwa imeagiza marekebisho mengi ili mfumo ufuate mazoea ya ofisi. Sehemu ya kulinganisha hesabu za jiji na taarifa za benki haikufanya kazi ipasavyo, na watumishi wakalazimika kuingiza miamala kwa mikono. Mradi uliokadiriwa mwanzoni kugharimu pauni milioni 19 ulitajwa mwaka 2023 kuwa ungeweza kufikia pauni milioni 100.

Septemba 2023 halmashauri hiyo ilitoa tangazo la kisheria kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Chanzo kikubwa kilikuwa madai ya watumishi wanawake waliolipwa chini ya wanaume, lakini gharama za mfumo zilitajwa pia. Machi 2024 madiwani walipitisha ongezeko la kodi ya wakazi la karibu asilimia 10. Mkazi ambaye hajawahi kusikia jina la Oracle akajikuta anachangia bili yake.

Maradhi yanayofanana

Ukiziweka habari hizo pamoja, mambo manne yanajitokeza.

La kwanza ni taarifa chafu. Mfumo haujui kilichomo ghalani. Unajua kilichoandikwa tu. Kampuni inayohamisha majina ya wateja yaliyorudiwa mara tatu na vipimo visivyo sahihi inahamisha vurugu kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta.

La pili ni haraka. Tarehe ya kuwasha mfumo mara nyingi hupangwa na wakurugenzi kwa sababu za bajeti, na inapokaribia, kinachopunguzwa ni majaribio na mafunzo. Hershey iliwasha mfumo katika msimu wake wa mauzo makubwa. Ni sawa na mwenye duka kubomoa paa masika.

La tatu ni ubishi kuhusu nani abadilike, kampuni au programu. Lidl na Birmingham zililazimisha programu ifuate mazoea ya ofisi. Zipo nyingine ambazo hufuata programu kibubusa na kuua utaratibu uliokuwa unawapa wateja sababu ya kurudi. Uamuzi huo ni wa biashara, lakini mara nyingi huachiwa mafundi.

La nne ni kuikabidhi kazi kwa wageni. Mshauri mwelekezi hulipwa kwa siku na huondoka mkataba ukiisha. Anayejua kwamba mzigo wa ziada huwekwa nyuma ya karakana ni mtunza ghala wa miaka 20, ambaye pengine hakuwahi kuitwa katika kikao hata kimoja.

Lumbesa na kompyuta

Kwa makampuni ya Afrika Mashariki, maradhi hayo manne yanakutana na mazingira yenye ugumu wake.

Programu hizi zimetungwa kwa kudhani kwamba kila muuzaji ana ankara na kila mzigo una kipimo kimoja. Kiwanda kinachonunua mahindi, viazi au matunda kwa mawakala kinapokea magunia, madebe na matenga. Gunia la lumbesa, ambalo Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umelipiga vita kwa miaka mingi, lina ujazo kuliko gunia halali. Likiingizwa katika kompyuta kama gunia moja tu, hesabu ya malighafi, gharama ya uzalishaji na hata bei ya bidhaa vitapotoka. Kosa hilo ni ndugu wa inchi na sentimita za Kanada.

Kodi nayo ina mashine zake. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti mwaka 2010, Uganda ina mfumo wa EFRIS, na Kenya ina eTIMS. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS hukataliwa wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Kampuni yenye matawi katika nchi zote tatu inapaswa kuufanya mfumo wake mmoja uzungumze na mamlaka tatu kwa njia tatu tofauti. Mawasiliano hayo yakikatika, ankara haitoki, na bila ankara mzigo hauondoki.

Malipo ni suala jingine. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wauzaji wa rejareja wamezoea kulipa kwa simu. Fedha huingia mara moja, lakini mara nyingi bila namba ya ankara, na pengine kutoka simu ya ndugu au mfanyakazi wa mteja. Mhasibu anaona fedha, asijue ni za nani. Ndiyo maana katika ofisi nyingi zenye mfumo wa kisasa, bado lipo daftari la pembeni la kulinganisha malipo.

Kuna pia suala la mtandao. Mifumo mipya huuzwa kama huduma inayopatikana kwa intaneti, na taarifa hukaa katika seva zilizoko mbali. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu, ikiwamo Tanzania. Siku kama hiyo, ghala lisilo na njia mbadala ya kutoa mzigo hufungwa hata kama umeme upo na malori yapo.

Mwisho ni fedha. Leseni na washauri hulipwa kwa dola. Shilingi ya Kenya iliposhuka hadi takriban 160 kwa dola Januari 2024, gharama za leseni zilipanda kwa shilingi bila hata huduma moja kuongezwa. Kukimbilia mifumo ya nyumbani ni njia mojawapo ya kukwepa mzigo huo. Serikali ya Tanzania iliachana na mfumo wa kigeni wa Epicor katika malipo yake na kuhamia MUSE, uliobuniwa na wataalamu wa ndani. Lakini mfumo wa nyumbani nao una masharti yake: ukitegemea wataalamu wachache, na hao wakaajiriwa kwingine, aliyebaki nao huwa na gari lisilo na fundi.

Maswali kabla ya kusaini

Haya yote hayana maana kwamba makampuni yarudi kwenye madaftari. Biashara yenye matawi kumi na bidhaa elfu tano haiwezi kuendeshwa kwa kadi za ghala, na isiyojua mali yake iko wapi huibiwa kila siku bila kufahamu. Mifumo hii imeyasaidia makampuni mengi ambayo hayaandikwi magazetini, kwa sababu mradi uliofanikiwa huwa si habari.

Lakini kabla ya kusaini mkataba, bodi ya kampuni ina wajibu wa kuuliza maswali machache. Je, mali yote imehesabiwa kwa mikono na taarifa zimesafishwa? Je, mfumo umejaribiwa kwa wingi wa oda za msimu wa mauzo makubwa, au kwa oda ishirini za mfano? Je, inawezekana kuanza na tawi moja? Mfumo wa zamani utaendelea kwa muda gani sambamba na mpya? Mshauri akiondoka, nani atabaki anaufahamu? Na siku mtandao ukikatika, lori litatoka vipi getini?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Yanahitaji mkurugenzi aliye tayari kuahirisha tarehe aliyoitangaza mwenyewe hadharani, jambo ambalo kwa wengi ni gumu kuliko kulipa mamilioni.

Mwaka 2027 hauko mbali, na kadiri unavyokaribia washauri wenye ujuzi watazidi kuwa adimu na ghali. Kampuni itakayosubiri hadi dakika za mwisho italazimika kukimbia, na Hershey ilikwisha onyesha miaka mingi iliyopita nini huwapata wanaokimbia. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili anayelipia haraka ya wakuu mara nyingi ni kibarua wa ghalani na muuzaji mdogo anayengoja ankara yake ilipwe.